Kitanda cha Chumba cha Mbele

Bibi alichagua vibaya wiki ya kuugua. Ilikuwa wiki ya tatu ya msimu, bahari imetulia, boti za wageni zinakuja kila siku, na kisiwa kizima hakikuwa na nyumba hata moja iliyolala na mwenyewe ndani. Wenyewe wote walikuwa wamehamia nyuma: stoo, jikoni, chini ya ngazi. Mmoja mwaka ule alilala na mkewe kwenye banda la kuku, na kuku wakahamia kwa shemeji yake. Kwa miezi mitatu na nusu wageni walilala kwenye vitanda vyao, na wao wakabisha hodi kwenye milango waliyoipaka rangi kwa mikono yao wenyewe. Baada ya hapo bahari ilichafuka, boti ikaja mara moja kwa wiki au isije kabisa, na watu wakala walichovuna. Hakuna aliyelalamika. Angemlalamikia nani?

Familia ya Fundi ilihamia stoo. Fundi alitengeneza injini za boti, kwa hiyo stoo yake ilikuwa na mapipa ya oili, mikanda mibovu na injini mbili zilizofunguliwa ambazo wenyewe walikwisha kuzisahau. Kila mwaka mkewe, Mama Chiriku, alisukuma vyuma upande mmoja, akatandika magodoro matatu upande wa pili, akapachika pazia katikati. Godoro moja lilikuwa lake na mumewe, moja la binti yao wa miaka kumi na minne, na moja la Bibi, mama yake Fundi. Binti huyo walimwita Chiriku kwa sababu tangu ajifunze kusema hajapata kunyamaza.

Msimu huu ulikuwa wa Chiriku. Alikuwa amemaliza shule ya kisiwani na kufaulu, na shule ya mbele ilikuwa ya bweni, kisiwa kikubwa, mwendo wa saa nne kwa boti. Fedha za chumba cha mbele ndizo zingekuwa ada yake, sare zake na sanduku lake la bati. Kila mtu nyumbani alilijua hilo, Bibi akiwemo.

Vyumba viwili vya nyuma navyo vilipangishwa, lakini chumba cha mbele ndicho kilichowapendeza wageni. Kilikuwa na dirisha pana linaloangalia gati, na kitanda cha mbao nzito ambacho kisingetoka mlangoni bila kukatwa miguu, maana marehemu mume wa Bibi alikiunda humo humo ndani na hakufikiria siku ya kukitoa. Kwenye picha za Wakala, aliyewatafutia wageni kisiwa kizima, kilionekana kitanda cha kifahari. Kilikuwa kitanda cha Bibi, na hapo ndipo alipomzalia Fundi.

Muuguzi wa zahanati alikuja Jumatatu asubuhi. Aliinama kupita chini ya pazia, akasikiliza kifua cha Bibi, akabonyeza miguu iliyovimba, kisha akavuta hewa puani.

"Mnamlaza hapa?"

"Ni msimu," alisema Mama Chiriku.

Muuguzi mwenyewe alikuwa amepangisha nyumba yake na analala zahanati kwenye kitanda cha kujifungulia, kwa hiyo hakuendelea na somo hilo. Alimwita Mama Chiriku nje, akasimama naye kando ya tangi la maji.

"Moyo umechoka na mapafu yamejaa maji. Ningesema mpelekeni hospitali kisiwa kikubwa, lakini boti itammalizia njiani. Nimempa dawa ya kutoa maji. Tusidanganyane, dada yangu."

"Siku ngapi?"

"Tatu. Nne. Akifika Jumamosi nitashangaa. Anachotaka mpeni."

Alichotaka Bibi hakikuwa siri. Alikuwa amekisema tangu jana yake, kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayeomba asogezewe kigoda.

"Nirudisheni chumbani kwangu."

"Mama, kuna wageni."

"Wageni wana kwao. Mimi sina ugomvi na mtu, lakini sitaki kufia kwenye oili. Nikivuta pumzi naona kama nameza kitambaa cha Fundi cha kufutia mikono."

Mama Chiriku alimwinua, akamwekea mto wa pili mgongoni. Mwanamke huyu alikuwa ameishi na mama mkwe wake miaka kumi na sita. Miaka mitatu ya kwanza hawakupatana hata juu ya mahali pa kuanika vyombo, na baadaye, bila mtu kujua ilianza lini, wakawa hawawezi kunywa chai mmoja bila mwenzake. Maneno ya Muuguzi yalimkaa kifuani siku nzima.

Fundi aliporudi mchana kula, alimkuta mkewe amemsubiri na ndoo ya maji na sabuni ya unga. Alisugua mikono bila haraka. Alikwisha kujua anaulizwa nini.

"Wana siku tano zaidi," alisema. "Jumamosi wakitoka tu, nambeba mwenyewe mgongoni."

"Muuguzi anasema hafiki Jumamosi."

"Muuguzi ndiye aliyesema mgongo wangu utapona."

"Tuwaombe basi. Ni watu wazima, nao wana mama zao."

"Tuwaombe, halafu walale wapi? Humu? Kisiwa kimejaa, hata banda la kuku lina watu." Alijimwagia maji, akasugua tena mikono iliyokwisha takata. "Wataondoka, tutarudisha fedha, na Wakala atatutupa mkiani mwa orodha yake. Chiriku atabaki hapa kufua mashuka ya watu mpaka aolewe. Ndicho unachotaka, Mama Chiriku?"

"Nisingizie tu, mume wangu, kama itakupunguzia."

Fundi hakuwa mtu mbaya. Alimpenda mama yake kiasi kwamba tangu augue alikuwa hawezi kuvuka pazia. Alisimama upande wa vyuma akauliza, "Mama, umelala?" na akaondoka kabla hajajibiwa.

Mama Chiriku alipiga simu kwa Wakala. Wakala alikaa kisiwa kikubwa, kwenye ofisi yenye feni, na kisiwa chao alikijua kwa picha.

"Mgonjwa?" alisema Wakala. "Dada yangu, neno hilo lisikutoke. Mwaka juzi kuna nyumba mtoto aliugua tetekuwanga, mpaka leo haijapata mgeni."

"Huyu ni mzee. Hana cha kuambukiza."

"Mzee ndio mbaya zaidi. Mtoto hupona." Feni ilisikika ikizunguka. "Fungeni dirisha la nyuma, mpulize manukato kidogo. Wakiuliza kikohozi, semeni ni mbwa."

Mama Chiriku alikata simu kwa hasira, akaapa moyoni kwamba upuuzi huo hatautamka. Jioni hiyo hiyo mgeni wa kike alimkuta uani akiteka maji. Alikuwa mwanamke wa makamo kutoka mjini, mwenye kofia pana ya ukili na sauti ya upole, amekuja na mumewe kupumzika baada ya miaka thelathini ya kazi ya ualimu.

"Mama, usiku tunasikia kitu kinakohoa huko nyuma. Kuna usalama?"

"Ni mbwa wetu," alisema Mama Chiriku. Ulimi ulimtangulia. "Mzee sana."

"Maskini. Na wanyama nao wanateseka." Mgeni aliingia ndani akarudi na chupa ndogo ya asali. "Mchanganyieni na maji ya uvuguvugu. Mbwa wa mama yangu ilimsaidia."

Mama Chiriku aliipokea kwa mikono miwili, akashukuru. Aliivusha pazia, akamnywesha mama mkwe wake kijiko baada ya kijiko, na alikuwa anaona aibu mpaka masikio yanamwaka.

"Asali nzuri," alisema Bibi. "Ya wapi?"

"Ya mgeni."

"Ana roho nzuri."

"Anayo, mama."

Jumatano wageni walikwenda kutembezwa visiwa vya nje. Nahodha waliyemkodi alijulikana kisiwani kwa jina la Dakika Tano, kwa sababu hilo ndilo jibu lake kwa kila swali linalohusu muda, na hakuna aliyewahi kuziona dakika hizo tano zikiisha. Boti iliondoka saa mbili asubuhi. Ingerudi saa kumi.

Haikuwa imepita kona ya mwamba Mama Chiriku alipokata shauri.

"Chiriku, weka ufagio. Njoo na simu."

"Simu ya nini?"

"Tunamrudisha Bibi chumbani kwake. Mpaka saa tisa na nusu."

Chiriku alikuwa na akili ya haraka. Kabla mama yake hajagusa kitu, alipiga picha chumba chote: miwani ya mgeni juu ya kitabu, taulo kwenye nguzo ya kitanda, viatu vilivyopishana, hata mkunjo wa shuka. Kila kitu kingerudi mahali pake, na mgeni asingejua. Ndivyo walivyofanya hata walipoingia kufagia. Familia ile ilikuwa imezoea kupita nyumbani kwake bila kuacha alama. Kisha waliondoa mashuka ya wageni, wakatandika shuka la Bibi la zamani, wakambeba kwenye kiti cha plastiki, mama mbele na binti nyuma, wakipumzika kila hatua nne.

Walipomlaza, Bibi alipapasa ubao wa kitandani kwa kiganja. Alitazama dirishani kwa muda mrefu.

"Gati wamelipaka rangi," alisema, na akalala.

Alilala usingizi ambao hakuwa ameupata tangu wahamie stoo, bila kukoroma wala kushtuka. Mama Chiriku alikaa chini, mgongo ukutani, akamsikiliza. Chiriku alikaa mlangoni akisimulia kwa kunong'ona mambo ya shule aliyoyasikia kwa wenzake, jinsi mabwenini taa huzimwa saa nne, jinsi sanduku lisilo na kufuli halikai siku mbili. Mama yake alimwacha aseme. Saa zile sita zilikuwa nzuri, na ni vyema zitajwe, maana baada yake hapakuwa na nyingine zenye utulivu kama huo.

Saa tisa na dakika chache Fundi aliingia mbio, mikono bado myeusi.

"Boti iko kwenye kona ya mwamba. Nani kamleta mama huku?"

"Mimi," alisema mkewe.

"Dakika Tano amewahi, siku ya kwanza maishani mwake amewahi. Shika miguu."

Waliinama pamoja. Bibi alifumbua macho, akawaona, akaelewa. Alinyoosha mikono yote miwili nyuma ya kichwa, akashika nguzo za kitanda. Vidole vile vilikuwa vikavu, vimepinda, na hakuna aliyedhani bado vina nguvu hiyo.

"Mama, achia. Ni siku tatu tu, nitakurudisha."

"Sina siku tatu."

"Mama, tafadhali. Wako gatini."

Fundi alianza kumbandua vidole. Alikibandua kimoja, akakishika, akaenda kwenye cha pili, na cha kwanza kikarudi. Jasho lilimdondoka kwenye shuka. Bibi alimtazama tu, bila hasira, na kumtazama huko ndiko kulikomvunja. Chiriku alikuwa amejibana ukutani, simu mkononi yenye picha za chumba, analia bila sauti.

"Mwache," alisema Mama Chiriku.

"Na Chiriku?"

"Nimekwambia mwache, Baba Chiriku. Unamvunja mama yako vidole."

Fundi aliachia. Alikaa sakafuni na mikono yake ya oili mapajani, akageuzia uso ukutani.

Wageni waliingia wakicheka, wamechomwa na jua, na mume akibeba kofia ya mkewe. Walimkuta Mama Chiriku amesimama katikati ya mlango wa chumba. Alikuwa amepanga maneno mazuri, yakapotea yote.

"Samahanini. Mama yetu anaumwa sana. Hiki ni kitanda chake. Ameomba afie hapa."

Mgeni wa kike aliangalia juu ya bega lake. Aliona kichwa cheupe juu ya mto, akasikia kikohozi. Uso wake ulibadilika polepole.

"Ndiye huyu," alisema, "mliyesema mbwa?"

Mama Chiriku aliinamisha kichwa. Alikuwa ametukanwa mara nyingi na wageni, juu ya maji, juu ya mbu, juu ya mkate wa jana, lakini hakuwahi kutamani kufutika pale aliposimama. Yule mwanamke hakutukana. Aliingia, akaketi ukingoni mwa kitanda alichokuwa amekilipia, akashika mkono wa Bibi.

"Mngetuambia tu," alisema. "Mngetuambia siku ya kwanza."

Usiku ule walilala kwenye boti ya Dakika Tano, na asubuhi wakaondoka. Hawakudai hata senti moja. Mume alimpa Fundi mkono, akaushika kwa muda mrefu, na mke alimkumbatia Chiriku akamwambia asome kwa bidii. Familia ilirudi ndani kutoka gatini ikiamini kwamba imevuka.

Bibi hakufa Alhamisi. Ijumaa aliomba akaangiwe yai. Jumamosi Muuguzi alikuja, akapima, akashangaa kama alivyoahidi.

"Maji yametoka," alisema. "Dawa imeshika, hewa nzuri, usingizi umerudi. Moyo umejikaza."

"Mpaka lini?" aliuliza Fundi.

"Hapo simsemei Mungu. Mwezi. Mwaka. Mimi sisemi tena siku."

Fundi alicheka. Aliingia chumba cha mbele na viatu vyake, akakaa karibu na mama yake mpaka jua linazama, na akamsimulia kila injini aliyoitengeneza tangu augue. Siku hiyo wote walifurahi, furaha ya kweli. Ilidumu hadi Jumapili asubuhi, Wakala alipopiga simu.

"Wale wageni wenu wameandika," alisema.

"Wametusema vibaya?"

"Wamewapa nyota tano. Sikiliza." Akasoma kwa sauti ya mtu anayesoma hati ya mahakama: "Watu wa kisiwa hiki wana utu ambao sisi wa mjini tumeupoteza. Mama mwenye nyumba alithubutu kumrejesha mkwewe afie kwenye kitanda chake, kitanda tulichokuwa tunakilalia sisi. Tulilia. Chumba kina mwanga mzuri na dirisha linaona gati."

Mama Chiriku alikaa kwenye ngazi. "Lakini wametusifu."

"Wamewasifu sana. Nimewaomba wafute, wamekataa, wanasema mnastahili kujulikana. Maharusi waliokuwa waje Jumatatu wamejitoa. Familia ya wiki inayofuata imejitoa. Nani atalipia kulala kwenye kitanda cha maiti?"

"Hajafa."

"Ndio mbaya zaidi, dada yangu. Angekufa, ningesema yalikuwa mambo ya zamani."

Vyumba viwili vya nyuma havikuwa na dirisha la gati, na bila cha mbele hakuna aliyeviulizia tena. Wiki zilipita. Boti ziliingia zimejaa, watu wakashuka na mabegi ya magurudumu, wakapita mbele ya nyumba ya Fundi wakielekea kwa jirani. Nyumba yao ndiyo iliyokuwa pekee kisiwani yenye wenyewe ndani katikati ya msimu, na majirani waliitazama kama watu wanavyomtazama mlevi mchana. Mama Chiriku alianza kufua mashuka ya nyumba tatu za mtaani. Mwezi ulipoisha aliongeza mbili, na Chiriku akamsaidia. Hakuna aliyemwambia binti asaidie, wala aliyemwambia kwamba hatakwenda shule. Siku moja tu sanduku la bati, lililokuwa limewekewa alama dukani, liliuzwa kwa mtu mwingine.

Na Bibi alikula, akanenepa mashavu. Fundi alirudia kusimama mlangoni na kuuliza, "Mama, umelala?"

Boti ya watoto wa shule iliondoka wiki ya tisa ya msimu, Jumatatu. Kuanzia alfajiri gati lilijaa masanduku na mama wenye kanga mpya, na kila mtoto alivaa soksi nyeupe. Chiriku aliamka mapema kuliko kawaida, akaenda nyumba ya juu kuchukua mashuka. Njia nzima alimweleza jirani aliyekutana naye jinsi ya kutoa doa la divai, kwamba siri ni chumvi na kutokuwa na haraka.

Mama Chiriku aliingia chumba cha mbele na beseni la maji ya kumwogesha Bibi. Bibi alikuwa amelala chali, mdomo wazi kidogo, kifua hakipandi. Mama Chiriku alisimama. Aliita, "Mama," kwa sauti ndogo, hakujibiwa.

Kitu kilimfunguka ndani, kama mtu aliyetuliwa mzigo kichwani. Na kabla hajaona haya, akili ilikwisha kukimbia: azikwe leo, chumba kipakwe chokaa kesho, Wakala aambiwe, msimu bado una wiki tano, shule hupokea waliochelewa mpaka wiki ya pili. Yote hayo aliyafikiria katika muda wa kuliweka beseni chini.

"Bado," alisema Bibi. Macho yalikuwa yamefungwa.

"Nilidhani umelala, mama."

"Hukudhani hivyo."

Mama Chiriku alichovya kitambaa, akakikamua, akaanza kumfuta uso, shingo, mikono. Machozi yalimtoka, na kwa kuwa mikono yote miwili ilikuwa na kazi aliyaacha yatiririke.

"Sikulaumu, mwanangu," alisema Bibi. "Hata mimi kila asubuhi nikiamka naudhika."

Nje honi ililia. Injini iliunguruma, ile ambayo Fundi aliisafisha wiki iliyopita, na watu gatini wakaanza kupunga mikono.

"Boti ya watoto imeondoka?"

"Imeondoka."

"Chiriku yumo?"

Mama Chiriku alikamua kitambaa mpaka hakikutoka tone.

"Yumo, mama."

Bibi aligeuza kichwa dirishani. Chini, kwenye njia inayotoka nyumba ya juu, Chiriku alikuwa anashuka na furushi la mashuka kichwani, mkono mmoja juu na mwingine kiunoni. Hakutazama gati. Alipita chini ya dirisha lao, karibu kabisa, wote wawili wakimtazama, na hakuna aliyemwita.